Nani Anatafsiri?

Kuna watu wazima, wenye kazi zao na watoto wao, ambao kila mwaka hukata tiketi wakakae gizani ili waogope. Si mmoja wala wawili. Wanajaza ukumbi. Mahali penyewe ni Brussels, Ubelgiji, na shughuli yenyewe ni tamasha la kimataifa la filamu za ajabu na za kutisha, ambalo wenyewe wanaliita kwa ufupi BIFFF. Lilianza mwaka 1983. Humo usitegemee filamu ya mapenzi ya machozi. Utakuta mizimu, wafu wanaotembea, majitu, vyombo kutoka sayari nyingine na wanyonya damu. Kuna hata usiku wa dansi ambapo watu wanakuja wamevaa kama wanyonya damu, na mashindano ya kupaka miili rangi mpaka binadamu anageuka kiumbe usichokijua. Filamu inayoshinda haipewi simba wa dhahabu kama kule Venice, wala dubu kama kule Berlin. Inapewa kunguru. Kunguru, jamani! Ndege ambaye sisi Dar es Salaam tunamfukuza kwa mawe asituibie dagaa, wenzetu wamemfanya wa dhahabu.

Mimi nilifika huko Aprili 2018. Nilikuwa mwanafunzi, mfukoni sina kitu, na tiketi nilipewa na mwanafunzi mwenzangu, dada mmoja wa Bukavu ambaye rafiki yake alikuwa ameugua dakika za mwisho. Wakati huo tamasha lilikuwa linafanyika Bozar, jumba la sanaa lililochorwa na Victor Horta, mjenzi mkubwa wa Wabelgiji. (Baadaye lilihamia viwanja vya maonyesho vya Heysel.) Ukumbi mkubwa wa Bozar una viti kama 2,000 na ulijengwa kwa ajili ya muziki wa okestra. Ni ukumbi wa aina ile ambayo ukikohoa unaangaliwa vibaya. Nikakaa kwa adabu zangu zote, mikono mapajani, kama niko kanisani.

Filamu ikaanza. Nyumba ya zamani, usiku, msichana peke yake, anatembea ukumbini pekupeku kuelekea mlango fulani. Muziki ule wa nyuzi ukaanza kukwaruza. Akanyoosha mkono kushika kitasa. Hapo ukumbi mzima, watu na heshima zao, ukalipuka: "Mlango! Mlango!" Wanapiga kelele kwa Kifaransa na kwa Kiholanzi. Akafungua. "Funga mlango!" Mwezi ukatokea mawinguni, watu wakalia kama mbwa mwitu, uuuuu, tangu viti vya mbele mpaka roshani ya juu kabisa. Jitu likatokea nyuma ya msichana. "Nyuma yako! Nyuma yako!" Mzee mmoja mwenye mvi, miwani na tai shingoni, alisimama kabisa kumwonya yule binti.

Yule dada wa Bukavu akaniinamia: "Hawa bazungu beko na shida gani?"

Sikumjibu. Koo lilikuwa limenikaba. Si kwa hofu. Ni kwamba kelele zile nilikuwa nazijua. Nilizisikia nikiwa darasa la nne, Tandika, kwenye banda la video, na aliyekuwa anaziongoza ni kaka yangu wa kuzaliwa.

Kabla sijafika kwa kaka, ngoja nieleze kwa nini matamasha ya namna hii yapo, maana kuna watakaodhani ni uhuni wa watu walioshiba. Filamu za kutisha na za ajabu zimedharauliwa siku nyingi, hata huko huko zinakotengenezwa. Wakubwa wa sanaa waliziona ni chakula cha vijana wa mitaani. Kwa hiyo wenye kuzipenda wakajijengea nyumba zao. Sitges, mji wa pwani kule Katalonia, walianza mwaka 1968, Hispania ikiwa bado mkononi mwa Jenerali Franco. Avoriaz, kijiji cha theluji huko Ufaransa, walianza 1973, na mwaka huo zawadi kubwa ikaenda kwa filamu inayoitwa Duel, hadithi ya lori linalomfukuza mtu barabarani, basi, huna habari dereva ni nani wala ana kisa gani. Ilitengenezwa kwa ajili ya televisheni tu kule Marekani. Mtengenezaji alikuwa kijana wa miaka 26, jina lake Steven Spielberg. Mwaka 1993, tamasha hilo likiwa linafanyika Avoriaz kwa mara ya mwisho, zawadi kubwa ilikwenda kwa Braindead, filamu ya damu ndoo kwa ndoo ya Peter Jackson wa New Zealand. Miaka 11 baadaye, mwaka 2004, filamu ya huyo huyo ilichukua Oscar 11 kwa usiku mmoja. Porto kule Ureno walianza 1981, Montreal 1996, Bucheon ya Korea Kusini 1997, Austin ya Texas 2005. Na mwezi mmoja tu kabla sijaingia Bozar, Oscar ya filamu bora ilikuwa imekwenda kwa The Shape of Water ya Guillermo del Toro, habari za mwanamke bubu anayependana na kiumbe wa majini. Sisi tungesema kwa kifupi tu: kapendwa na jini. Na hapo hadithi ingepigwa marufuku kusomwa darasani.

Sasa kaka.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mtaani kwetu kulikuwa na banda la mabati na makuti, televisheni moja ya inchi 21, deki moja, mabenchi ya mbao, kiingilio shilingi 100. Filamu zilikuwa za Hong Kong, za Kihindi na za Kimarekani, na hakuna aliyezielewa lugha. Ndipo anapoingia mtafsiri. Dar es Salaam jina kubwa lilikuwa Lufufu. Kanda zenye sauti yake zilisambaa kila kona. Kenya wakaja kuwa na DJ Afro. Uganda wanawaita VJ. Sisi Tandika tulikuwa na kaka yangu, na umaarufu wake ulivuka mitaa mitatu tu, lakini mitaa hiyo mitatu alikuwa mfalme.

Alisimama pembeni ya televisheni na kipaza sauti kilichofungwa kwa nailoni, shati wazi, taulo begani. Kiingereza chake kilikuwa cha darasa la saba na Kichina hakujua hata salamu. Haikumsumbua. "Huyu dogo mnayemwona," atasema, "baba yake alidhulumiwa kiwanja Mbagala. Sasa karudi kudai." Mabosi wote wabaya walikuwa wenye nyumba wanaopandisha kodi. Polisi wa Los Angeles walikuwa wanasubiri chai. Filamu ikiwa ya kutisha, alishusha sauti mpaka tukawa tunasikia vidole vyetu wenyewe vikikwaruza benchi. Halafu anauliza polepole, kama anamuuliza mtu mmoja tu: "Jamani, afungue, asifungue?" Banda zima: "Asifunguee!" Naye: "Basi mwambieni wenyewe, mimi hanisikii."

Mama hakutaka kusikia habari hiyo. Kwake banda la video lilikuwa uhuni, na mtoto wake wa kwanza alikuwa anamwaga sauti aliyopewa na Mungu kwa ajili ya mizuka ya wazungu. Baba hakusema kitu, ila siku moja nilimwona amesimama nje ya banda, gizani, mkono kwenye mabati, anasikiliza. Hakuingia. Aliporudi nyumbani aliniambia nisiseme.

Banda lilikufa kama yalivyokufa mengi. Zikaja CD za bei poa, kila nyumba ikawa na deki yake, baadaye simu. Kaka akanunua bodaboda kwa mkopo. Sauti yake sasa inaita abiria kituoni. Hatukuwa na mashine ya kurekodi, kwa hiyo miaka sita ya kazi ya kaka, usiku kwa usiku, imebaki vichwani mwetu tu, na vichwa vyenyewe vinasahau.

Ndiyo maana pale Bozar, wakati wa mapumziko, nilitoka nje kwenye ngazi, nikampigia. Nikamweleza: ukumbi mkubwa kama nini, watu na suti zao, wanapiga kelele "mlango, mlango". Alicheka sana. Kisha akaniuliza swali moja la kikazi:

"Nani anatafsiri?"

"Hakuna, kaka. Kuna maandishi tu chini ya picha."

"Hakuna anayewaongoza?"

"Hakuna. Wanajipigia wenyewe."

Akanyamaza kidogo. "Basi hao wako peke yao," akasema. "Wanamwambia yule binti afunge mlango. Lakini nani anawaambia wao kwa nini jini lina hasira?"

Nimelibeba swali hilo mpaka leo. Maana ukilichunguza, ndilo linalotenganisha Brussels na Tandika. Kule watazamaji wanaijibu filamu. Kwetu kulikuwa na mtu katikati, anayeipokea filamu kutoka mbali, anaigeuza, anatukabidhi ikiwa imekuwa yetu.

Na usidhani hii ni sifa ya kaka kwa kaka. Wapo waliolithibitisha. Kampala, kwenye kitongoji cha Wakaliga, kuna mtu anaitwa Nabwana I.G.G. Alianza kutengeneza filamu za mapigano mwaka 2005, nyumbani kwake, na waigizaji ambao ni majirani na bunduki zilizoundwa kwa vyuma chakavu. Mwaka 2010 akatoa Who Killed Captain Alex?, kwa gharama ambayo inatajwa kuwa chini ya dola 200. Nakala ya kwanza, isiyo na msimulizi, ilipotea. Iliyobaki, ambayo dunia nzima imeiona, ni ile yenye sauti ya VJ Emmie juu yake, akitania, akishangilia, akiwasifu makomando, akiwaonya watazamaji. Fikiria hilo. Picha zenyewe zimeokolewa na nakala ya mpiga domo. Na mwaka 2016 filamu nyingine ya Nabwana, Bad Black, nayo ikiwa na VJ Emmie ndani yake, ilipelekwa Austin kwenye tamasha la Fantastic Fest, la jamii hiyo hiyo ya Brussels na Sitges, ikaondoka na zawadi ya watazamaji. Kwa hiyo yule mtu katikati amefika. Amefika kwa mlango wa filamu za mizuka na mapigano. Sina habari ya mlango mwingine uliokuwa tayari kumfungulia.

Kuna rafiki zangu wa kijiweni wanaosema wazungu wanatucheka tu. Bunduki za bomba, damu ya rangi, nani asicheke? Nilimpelekea kaka hoja hiyo. Akajibu kibiashara: "Kicheko ni kicheko, mradi wamelipa kiingilio." Mimi sikubaliani naye moja kwa moja. Kuna kicheko cha kukaa juu ya mtu na kuna kicheko cha kukaa naye benchi moja. Lakini nimeona kwa macho yangu Brussels: wanacheka hivyo hivyo filamu zao wenyewe, za mamilioni ya dola, na wanazipenda hivyo hivyo. Aliyelia kama mbwa mwitu hana kiti cha juu cha kukalia.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma zaidi, maana ninyi mnaosoma jarida hili wengi mnaandika, au mnataka kuandika.

Miaka michache iliyopita nilituma hadithi fupi kwenye jarida moja, sitalitaja. Ilikuwa ya jini la kike linalopanda daladala la usiku la kwenda Gongo la Mboto, halilipi nauli, na konda hathubutu kulidai. Mhariri aliirudisha na mstari mmoja: hatuchapishi mambo ya ushirikina. Nilikasirika wiki nzima. Mbona Zanzibar mwaka 1995 watu walilala nje makundi makundi, wamewasha moto, wanamkesha Popobawa, na hakuna mwandishi aliyeambiwa huo ni ushirikina usiandikwe? Mbona Mussa Banzi alitengeneza Nsyuka na Shumileta, filamu za mizimu na majini, na watu wakazinunua? Mbona Mkenya Wanuri Kahiu alitoa Pumzi mwaka 2009, habari za dunia ya baadaye isiyo na maji, ikazunguka matamasha makubwa? Hofu yetu ina thamani kwa kila mtu isipokuwa kwa wahariri wetu?

Lakini nikasema, ngoja nimtendee haki yule mhariri. Kule Brussels mtu anapotoka ukumbini saa nane usiku, mnyonya damu anabaki ukumbini. Hakuna atakayekwenda kumchoma jirani yake. Kwetu Kanda ya Ziwa, Shinyanga na Mwanza, vikongwe wamekatwa mapanga kwa sababu macho yao ni mekundu, na macho hayo yamewekundika kwa moshi wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe, maisha yote wakitupikia. Watu wenye ualbino wamewindwa kwa sababu kuna mtu alisimulia hadithi, na mwingine akaamini. Hadithi ya mchawi kwetu si mchezo. Bibi anaweza kufa kwayo. Huo ndio uzito ambao wenzetu wa Sitges na Brussels hawana wakipanga filamu zao, na mwandishi wa Kiswahili anayetaka kuandika mizimu hawezi kuukwepa kwa kusema "aa, ni burudani tu".

Je, basi tuache? Tuwaachie mizimu waganga na wahubiri peke yao?

Hapa ndipo nilipomkumbuka kaka tena. Kulikuwa na filamu, sijui hata ni ya nchi gani, yenye kikongwe aliyeishi peke yake msituni. Kamera ilimsogelea usoni: macho mekundu, meno mawili, mikono inatetemeka. Banda zima tukaanza kunong'ona, mchawi, mchawi. Nakumbuka mtu nyuma yangu alitema mate. Kaka akatuacha tunong'one kidogo, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ya nyumbani: "Mnamwogopa bibi yenu? Macho hayo ni ya moshi. Huyo kapika kuni miaka sitini, na wajukuu hawajamletea hata mkaa. Mchawi mtamwona sasa hivi, anakuja na gari." Kweli, baada ya dakika chache likaja gari, akashuka mwanamume wa suti, mwenye kutaka ule msitu. Sijui katika hadithi yenyewe mtu yule alikuwa nani. Labda alikuwa daktari. Labda ndiye aliyekuwa mwema. Lakini usiku ule banda zima la Tandika lilimwogopa mwenye suti, na bibi akabaki bibi.

Nilipomkumbusha kisa hicho, hakukikumbuka. "Nilisema hivyo?" akauliza. "Nadhani nilikuwa nafikiria bibi wa Kilosa." Bibi yetu wa Kilosa alipikia kuni mpaka anakufa.

Kwa hiyo jibu langu kwa yule mhariri, popote alipo, ni hili: hofu haiondoki kwa kunyimwa ukurasa. Ipo, inatembea, inatafuta mtu wa kumshukia. Mwandishi kazi yake ni ile ya kaka pembeni ya televisheni: kuishika hofu inapokuja, kuigeuza, kuwaonyesha watu mlango mwingine. Asiyetaka kazi hiyo na asiandike mizimu, aandike mambo mengine, yapo mengi. Lakini anayetaka, asijione yuko kwenye sanaa ya daraja la tatu. Ajue kuna kumbi za viti 2,000 zinazojaa kwa ajili yake. Na ajue pia kwamba kabla ya kumbi hizo kulikuwa na banda la mabati, na watu wake hawajafa wote.

Ile hadithi ya jini la daladala nimeiandika upya. Safari hii konda ndiye anayesimulia, na jini lina sababu ya kutolipa nauli. Sijaipeleka popote bado.

Desemba iliyopita nilikuwa Tandika. Nikamwomba kaka atafsiri filamu moja, nimrekodi kwa simu. Alikataa siku mbili, anasema sauti ile inahitaji watu, hawezi kumtafsiria mtu mmoja kama daktari. Siku ya tatu jioni akaegesha bodaboda uani, akawaita watoto wa mtaa, wakaja kama ishirini, wakakaa kwenye mkeka mbele ya kompyuta yangu. Mama alitoka na kigoda chake, akakaa mlangoni, mgongo kwetu, anachambua mchele. Rekodi ninayo. Ni mbovu. Sauti ya kaka inasikika nusu, nusu nyingine ni watoto wanaopiga kelele asifungue, asifungue, na mahali fulani katikati, ukisikiliza vizuri, kuna sauti ya mwanamke mzima inasema, "Funga mlango huo, we mtoto!"